Kutoka Maswa, Pita Chini

Mwaka wa pili tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, barabara ya Maswa kwenda Bariadi ilikuwa na fujo ambayo Bujiku hakuwahi kuiona. Na aliijua barabara ile vizuri, kwa sababu ujana wake wote aliumalizia humo akiendesha malori ya ushirika. Enzi hizo magari yalikwenda vijijini kwa zamu. Pamba ya Mwamapalala ilingoja gari la Mwamapalala, na hakuna dereva aliyekimbizana na mwenzake. Sasa kampuni zilikuwa zimezagaa kila mahali. Lori lililotangulia kufika kijijini ndilo lililobeba pamba, na lililochelewa lilirudi na vumbi. Madereva walishindana mchana kutwa, honi zikilia kama watu wanaofukuza fisi zizini.

Ushirika ulipoishiwa matairi na malori yake yakaota majani uani, Bujiku alipata kibarua kwa mkandarasi aliyekuwa anajenga tuta la kuvukia mbuga ya Nyamhindi. Udongo wa mbuga ile ni mweusi tii. Mvua ikinyesha gari linazama mpaka ekseli, na jua likiwaka ardhi inapasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe. Tuta lilikuwa limeinuliwa kupita kimo cha mtu, refu, lenye kona katikati pale lilipoufuata mto, na msimu ule lilikuwa bado na upana wa lori moja tu. Kwa hiyo msimamizi wa ujenzi, Januarius, aliweka sheria fupi. Magari yanayotoka Bariadi na mizigo yatapita juu ya tuta. Yanayotoka Maswa yatapita njia ya zamani, chini, kwenye mchanga wa mto.

Upande wa Maswa, mdomoni mwa tuta, lilisimamishwa bango: KUTOKA MASWA PITA CHINI. Kando ya bango ulilazwa mti mrefu kukinga njia, na kando ya mti akawekwa Bujiku na bendera nyekundu. Gari likitokea tutani, aliinua mti lipite. Gari likitokea Maswa, alisimama mbele ya mti na kuonyesha chini.

Madereva waliichukia njia ya chini. Mchanga ulikuwa mzito, mawe yalikata matairi, na gari moja likizama yote yaliyo nyuma yanasimama. Walimbembeleza Bujiku, walimtukana, wengine walisogeza bampa mpaka likamgusa magoti. Mkewe Elina, aliyekuwa akiuza uji na viazi kwenye kibanda cha nyasi hapo hapo, aliyaona yote.

"Ipo siku watakuua," alimwambia.

"Wakiniua mimi nimekufa mmoja. Pale juu magari yakigongana watakufa watu wa lori zima."

Dereva aliyemsumbua kuliko wote aliitwa Mihayo, kijana wa Kalemela, mtoto wa wavuvi, mwembamba, mcheshi, mwenye mkono mzuri wa usukani. Mara moja alikuwa amevizia Bujiku ameingia vichakani kujisaidia, akausogeza mti na kupita tutani kinyume, akatokea upande wa Bariadi salama. Tangu siku ile alisimulia habari hiyo kwenye kila kituo cha chai, na kila aliposimulia aliamini zaidi kwamba tuta halina shida yoyote, shida ni mzee wa bendera.

Ilikuwa siku ya gulio, jua limeshapanda. Chini mtoni lori la kampuni nyingine lilikuwa limezama mchangani likaziba njia, na watu walikuwa wanachimba kwa majembe. Fuso ya Mihayo ikaja tupu, kwa kasi, turubai likipigapiga, ikafunga breki mbele ya mti mpaka vumbi likawafunika wote. Mihayo akateremka. Utingo wake, Method, mwanamume mpana wa mabega aliyewahi kubeba mizigo kituo cha reli, akateremka upande wa pili.

"Mwangaluka, baba," Mihayo alimsalimia.

"Mwangaluka. Huku hapapitiki, unajua."

"Chini pameziba."

"Wanachimba. Patafunguka."

"Lini? Wenzangu wameshatangulia. Joakim ameniambia asubuhi hii mbele ya watu: rudi na pamba au usirudi kabisa." Joakim alikuwa wakala wa kampuni yao, mtu wa kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na kila dereva wake alimwogopa.

"Basi subiri. Leo gulio, magari ya Bariadi yako njiani, watu wamejaa juu ya mizigo."

"Umeyaona?"

"Siyaoni kwa sababu ya ile kona. Na wewe huyaoni. Ndiyo maana nakukataza."

Mihayo alitazama tuta. Lilikuwa jeupe na tupu mpaka kwenye kona. Aligeuka akatazama mtoni, ambako lori lililozama lilikuwa limekaa vilevile, magurudumu yakizunguka bure. Ule ucheshi ulimtoka usoni.

"Method, toa huo mti."

Bujiku alikaa juu ya mti. Hakuwa na jambo lingine la kufanya. Aliukalia kama mtu anavyokalia benchi, bendera mapajani. Method akamshika shati kifuani, akamnyanyua, akamtupa pembeni. Bujiku akainuka, akarudi, akaukumbatia mti. Method akampiga ngumi ya sikio. Akampiga nyingine. Damu ikamtoka Bujiku puani ikachuruzika kwenye mti, lakini mikono haikuachia.

Elina alitoka kibandani mbio na sufuria ya uji, akamwagia Method mgongoni. Uji ulikuwa umetoka motoni. Method alipiga ukelele wa mnyama, akageuka, akampiga Elina teke la tumbo, mwanamke akaanguka juu ya jiko lake mwenyewe na viazi vikamwagika kwenye makaa.

"Muache mke wangu!" Bujiku alifoka, akaachia mti kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo Mihayo alipokuja na spana ya magurudumu. Labda alitaka kumtisha tu. Bujiku aliinua mkono kujikinga, chuma kikatua katikati ya kiwiko na kifundo, na mfupa ukalia kwa sauti ambayo wote waliisikia. Mkono ukaning'inia. Mihayo aliutazama.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia utoke."

Method alivuta mti, akautupa mtaroni. Wakaruka ndani ya Fuso, ikaingia tutani ikinguruma.

Bujiku aliokota bendera kwa mkono wa kushoto akaanza kukimbia nyuma yake. Alijua hawezi kulifikia lori. Alikimbia kwa sababu hakuweza kusimama. Mkono uliovunjika ulimpigapiga ubavuni, na kila hatua maumivu yalimpanda mpaka menoni. "Rudini!" alipiga kelele. "Rudini, nyie!" Vumbi la Fuso lilimjaa mdomoni. Halafu, ng'ambo ya kona, juu ya vichaka, aliona vumbi lingine likija.

Lilikuwa lori la ushirika, moja kati ya machache yaliyokuwa bado yanatembea, na aliyekuwa akiliendesha ni Paschal. Bujiku na Paschal walikuwa wameanza kazi pamoja. Walikuwa wamelala chini ya turubai moja misimu mingi, na mtoto wa kwanza wa Paschal alibatizwa Bujiku akiwa msimamizi wake. Lori lilisheheni pamba mpaka juu ya kabini, na juu ya pamba walikaa watu wa gulio: wanawake na vitenge vyao, wanaume wawili na mbuzi, msichana aliyeitwa Generoza aliyekuwa anakwenda Maswa kushonewa gauni la harusi. Walikuwa wanaimba, wakasema baadaye waliopona.

Wakakutana kwenye kona. Paschal hakuwa na pa kukwepea. Kulia na kushoto ni mteremko. Alikanyaga breki na kushikilia usukani ukae katikati, ili lori lisipinduke na watu. Mihayo hakupata hata nafasi ya kukanyaga breki. Fuso ilimwingia Paschal uso kwa uso.

Mlio ulifika kwa Bujiku kama pigo la kifuani. Aliliona lori la ushirika likiinuka nyuma, likasita, halafu likageuka ubavu na kuviringika kutoka tutani. Watu walirushwa hewani. Magunia yalipasuka, pamba ikamwagika juu ya udongo mweusi, na ndani ya weupe ule watu walianza kutambaa na kulia. Wengine hawakutambaa. Generoza alikuwa amelala chini ya bodi, kuanzia kiuno kwenda chini haonekani, macho wazi. Mbuzi mmoja alikuwa bado hai, akizunguka na kamba shingoni.

Fuso ilibaki juu ya tuta, pua yake imekunjamana. Method alikuwa ametoka kwa kupitia kioo. Alilala kifudifudi barabarani, uji umekauka mgongoni mwake, na Bujiku alimruka bila kusimama.

Paschal alikuwa ndani ya kabini, usukani umemkandamiza kifua kwenye kiti. Alikuwa anapumua kwa mapovu mekundu.

"Bujiku," alisema. "Nani kafungua mti?"

"Wamenivunja mkono, Paschal."

Paschal aliutazama mkono. "Sikukwepa. Kulikuwa na watu juu."

"Najua. Nyamaza. Tunakutoa."

"Vuta basi. Vuta sasa."

Bujiku alivuta mlango kwa mkono mmoja. Elina alifika akihema, ameshika tumbo, naye akavuta, na mwanamume mmoja aliyechanika paji la uso akavuta pamoja nao. Mlango ulikuwa umejikunja kama karatasi. Nyuma yao mtu akapiga kelele, "Moto!" Injini ya Fuso ilikuwa imeshika moto, dizeli ikichuruzika kushuka mteremko, na ilipofika penye pamba, moto uliikimbilia ile pamba kama unaitwa. Katika muda wa kuvuta pumzi chache bonde zima la weupe lilikuwa linawaka. Waliokuwa na miguu waliburuta wasio na miguu.

"Usiniache," alisema Paschal. "Bujiku, usiniache humu."

Moto ulifika kabini. Bujiku aliendelea kuvuta mpaka nywele zake zikaanza kuungua na Elina akamshika kiuno akamrudisha nyuma kwa nguvu, wote wawili wakaanguka. Aliinuka tena. Joto lilimsukuma. Sauti ya Paschal ilikuwa inaita, jina la Bujiku kwanza, halafu la mkewe Felisita, halafu haikuwa jina tena. Elina alimfunika mumewe masikio kwa viganja vyake, lakini alikuwa ameshasikia.

Kutoka vijiji vya kandokando ulipigwa mwano. Ukelele ule ulirukia kutoka boma moja hadi jingine, filimbi zikaitika, na sungusungu wakaanza kuonekana wakikimbia kwenye mbuga na fimbo, mikuki na pinde. Mbele yao alikuwa kamanda wao, Selestini, mzee wa kanisa kwa siku za Jumapili na mtu wa kuogopwa siku nyingine zote. Walipoona maiti hawakuuliza mengi.

"Dereva wa Fuso yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Bujiku alikuwa amekaa kwenye ukingo wa tuta, na alikuwa ameiona damu. Ilianzia kwenye mlango wa Fuso, ikateremka mteremko wa pili, upande usio na moto, ikaishia kwenye kalavati. Aliinuka akaifuata peke yake.

Mihayo alikuwa amejisokomeza ndani ya bomba, mguu mmoja umegeuka vibaya, uso umejaa vipande vya kioo.

"Baba," alinong'ona. "Baba, usiseme. Nakuomba. Nina watoto."

Bujiku aliingiza mkono wake mzima ndani ya bomba, akashika ukosi wa shati, akavuta. Hakujua alikuwa na nguvu kiasi kile. Mihayo alishika saruji kwa kucha, akilia, na Bujiku alimpiga teke la mdomo, mara nyingi, mpaka vidole vikaachia. Akamtoa nje juani kama mtu anayetoa ndama tumboni mwa mamaye. "Yuko huku!" aliita. "Njooni! Yuko huku!"

Wakaja. Fimbo ya kwanza ilimpiga Mihayo begani, ya pili kichwani. Baada ya hapo hazikuweza kuhesabika. Jiwe lilimtoa meno. Mtu mmoja aliukanyaga ule mguu uliogeuka, akaruka juu yake kwa miguu miwili. Mama yake Generoza, aliyekuwa naye juu ya pamba, alipenya katikati ya wanaume akampiga na kiatu chake cha plastiki, akilia, akimpiga na kulia. Bujiku alisimama akatazama, na moyo wake ulifurahi. Kila fimbo ilipotua aliona ni sawa.

"Joakim ndiye kasema!" Mihayo alikuwa anapiga kelele, maneno yakitoka pamoja na damu. "Joakim kasema tupite! Wote tumeambiwa tupite!"

Watu hawakusikiliza. Bujiku alisikia. Aliwaona akilini madereva wengine wote wa Joakim, mmoja mmoja, wakija na Fuso tupu kutoka Maswa, na yeye amekaa juu ya mti wake na bendera mapajani. Mtu mmoja alikuwa anakuja na tairi bovu na kidumu.

Bujiku alijitupa juu ya Mihayo. Fimbo zilizokuwa zimeshaanza kushuka zilimpata yeye, mgongoni, kisogoni, na moja ikatua kwenye mkono uliovunjika. Dunia ikawa nyeupe machoni pake. Elina alipiga yowe. Filimbi ya Selestini ikalia mara moja, ndefu, na fimbo zikasimama.

"Ondoka hapo," alisema Selestini. "Wewe ndiye uliyetuita."

"Nimewaita."

"Amekuvunja mkono. Amemchoma rafiki yako hai."

"Najua alichofanya!" Bujiku alikuwa analia sasa, mate na damu vikimchuruzika. "Mimi ndiye niliyemsikia Paschal, siyo nyie. Lakini huyu akifa leo, kesho Joakim ataleta mwingine. Kesho asubuhi! Na akiulizwa atasema hakumtuma mtu. Mwacheni aseme. Mwacheni aende akaseme mbele ya hakimu nani kamtuma."

"Hakimu atanunuliwa," mtu akasema.

"Basi mtamuua baada ya hapo. Leo hapana."

Mwenye kidumu alikuwa bado amesimama, akingoja. Halafu Selestini akamnyang'anya kile kidumu, akayamwaga mafuta yake ardhini.

"Mfungeni kamba," alisema. "Polisi wakija wamkute amefungwa."

Polisi walikuja jioni wakapima, wakachukua maiti na Mihayo. Bujiku alipelekwa kwa mganga wa zahanati aliyemfunga mkono kwa mbao. Asubuhi yake, kabla hata moshi wa pamba haujaisha mbugani, alirudi tutani na Elina, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kusimama pale. Na asubuhi hiyo hiyo ikaja Fuso nyingine kutoka Maswa. Aliyeiendesha alikuwa mtu mgeni, na pembeni yake, ndani ya miwani ya jua, alikuwa amekaa Joakim mwenyewe.

Watu wa vijijini walikuwa wengi pale, wamekuja kutafuta mabaki ya ndugu zao. Waliliona lori likisimama mbele ya mti mpya na kupiga honi. Wakamtazama Bujiku, naye akawaonyesha kwa kidevu yule mwenye miwani.

Selestini aliagiza ng'ombe. Waliletwa maksai wa kulimia, jozi nyuma ya jozi, na minyororo ya majembe. Walifungwa kwenye mabaki ya Fuso ya Mihayo, iliyokuwa imesukumwa kando ya tuta, chuma cheusi kisicho na matairi. Januarius alikuja akihema kusema kwamba kibali hakuna, na wakubwa wake watamfukuza. Kisha akatazama zile sehemu zilizoungua mbugani ambako watu walikuwa wameinama wakichakura majivu.

"Msilivute hivyo, mtakata minyororo," alisema mwishowe. "Ngojeni katapila isukume kwa nyuma."

Wakalivuta lile bovu mpaka kwenye mdomo wa tuta, wakaliweka kwa mshazari. Gari lililotokea Bariadi liliweza kuteremka polepole likipinda ubavuni mwake. Lililotokea Maswa lingehitaji kujikunja kama nyoka ili liingie, na lori haliwezi.

Joakim aliteremka. "Hiyo ni mali ya kampuni," alisema. "Toeni hapo. Nina magari yanakuja nyuma."

Waliendelea kufungua minyororo.

"Nasema toeni!"

Alichomoa bastola kiunoni. Labda alikusudia kupiga hewani, lakini risasi ilimpata maksai wa mbele shingoni. Mnyama alipiga magoti, akatoa sauti ya kukoroma, akaanguka na mwenzake aliyefungwa naye nira. Kwa watu wale, kumpiga risasi ng'ombe wa mtu mbele yake ni jambo lisiloombewa radhi.

Mshale wa kwanza uliingia kwenye tairi la lori. Wa pili ulivunja kioo. Wa tatu ulimpata Joakim pajani, akaangalia chini, haamini, akauona unyoya ukitikisika kwenye suruali yake safi. Bastola ilimdondoka. Dereva mgeni alimvuta akampakia kama gunia, akarudisha lori kinyumenyume tairi likivuja, watu wakilifukuza kwa mawe mpaka lilipotokomea.

Askari walirudi kuuliza nani alirusha mishale. Waliwauliza wengi, na kila mmoja alikuwa anatazama upande mwingine wakati ule. Bastola walikabidhiwa. Lile bovu lilikaa pale msimu mzima, mpaka tuta lilipopanuliwa magari yakaweza kupishana. Madereva walilalamika, walitukana, lakini walipita chini.

Kesi ilisikilizwa baada ya mvua. Mkono wa Bujiku ulikuwa umepona umepinda, hauwezi tena kunyoosha kidole kuelekea mbinguni wala kubeba ndoo. Wakili wa kampuni alitaka kuonyesha kwamba mzee wa bendera ndiye aliyefungua njia. Alimuuliza Mihayo swali hilo taratibu, kwa upole, kama anayempa mtu kamba ya kujiokoa.

Mihayo alikuwa amesimama kizimbani na magongo, mdomo umeingia ndani pale palipokuwa na meno. Joakim alikuwa amekaa mstari wa mbele. Mihayo alimtazama Joakim, halafu akamtazama Bujiku, na Bujiku hakuona urafiki wowote katika macho yale.

"Hakufungua," alisema Mihayo. Maneno yalimtoka kwa shida. "Aliukalia mti. Method akampiga, akaukumbatia. Ndipo nikamvunja mkono na spana." Akaelekeza gongo moja kwenye mstari wa mbele. "Na aliyeniambia nipite juu ni yule pale. Siyo siku ile tu. Kila siku."

Alifungwa. Joakim naye alishtakiwa kwa amri zake na kwa ile bastola, na kampuni yake haikununua pamba tena wilayani mle.

Nje ya mahakama, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, Felisita, mjane wa Paschal, alimfuata Bujiku akiwa na mtoto wa mwisho mgongoni. Alikuwa hajazungumza naye tangu mazishi. Alisimama mbele yake, akamzaba kofi.

Elina alitaka kuingilia. Bujiku akamzuia.

"Wanasema ulilala juu yake," alisema Felisita. "Wewe. Ulimsikia mume wangu anavyokufa, ukaenda ukalala juu ya mtu aliyemuua."

"Nililala."

"Alisema nini? Paschal. Mwisho."

Bujiku alifikiri kudanganya. "Aliniambia nisimwache humo. Halafu akaita jina lako. Nikashindwa kumtoa, Felisita. Nilivuta nikashindwa."

Felisita aliutazama ule mkono uliopinda.

"Nimesikia alivyosema Mihayo kizimbani," alisema. "Nimesikia yote. Na bado ningependa wangemmaliza siku ile."

"Najua. Na mimi kuna siku ninataka hivyo."

Watu walikuwa wanatoka mahakamani wakisukumana, wakitafuta usafiri wa kurudi makwao. Mtoto alianza kulia mgongoni. Felisita alimfungua, akamkumbatia kidogo, kisha akamkabidhi Elina amshikie, akaenda kutafuta maji ya kunywa.